Mashine ya Kunyolea ya Babu

Enyi vijana wetu, mashine ya chuma ya kunyolea aliyoiacha babu msiitupe. Asili yake ni Marekani: mwaka 1903 King C. Gillette aliuza mashine 51 tu, kisha zikaenea ulimwenguni. Hekima yake ni kuwa mpini hudumu, na kitupwacho ni wembe mwembamba wa makali mawili. Nyembe hizo zingali zauzwa, nazo huingia hata katika mashine za miaka ya 1950. Mwenye kuitunza hujiepusha na israfu.

Ioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Wakati wa kunyoa isikandamizwe. Uzito wake watosha.

Kunyoa nywele za siri ni katika fitra, na Hadithi ya Anas aliyoipokea Muslim yakataza kuziacha zaidi ya siku arubaini. Ama ndevu, Mtume (s.a.w.) ameamrisha ziachwe.

Lakini tahadharini: mpini hurithiwa, wembe haurithiwi. Msishirikiane wembe hata ndugu wa tumbo moja, kwani damu isiyoonekana kwa jicho huweza kuambukiza homa ya ini. Nao uliokwisha kazi ufungiwe koponi, watoto wasiufikie.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe.