Kosa si la jiko, ni la regyuleta mbili

Moto ukiwa hafifu baada ya jiko la kuchomea nyama kuungwa kwenye gesi ya trela ya kambi, wengi hulaumu jiko. Chanzo hasa ni presha. Katika nyuzijoto 20 za Selsiasi, presha ya propani mtungini huzidi kilopaskali 700; regyuleta ya trela huishusha hadi takriban 2.7. Regyuleta ya jiko, iliyotengenezwa kwa mtungi mdogo, huibana tena. Wapo wanaosema ing'olewe tu. Sikubaliani nao: jiko hilo likirudishwa kwenye mtungi, mpishi anaweza kuungua vibaya. Salama zaidi ni kuchukua gesi kabla ya regyuleta ya trela, kwa mpira wa presha kubwa, kisha kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu likitokea, gesi inavuja: funga mtungi mara moja.