Uongo wa mshtakiwa pekee usimtie hatiani

NJIA ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Lakini mahakamani haitoshi kujua kwamba njia hiyo ni fupi. Lazima tujue inaishia wapi.

Chukua mfano wa dereva wa lori anayekamatwa nchi jirani kwa tuhuma za mauaji. Anawaambia polisi kuwa usiku ule alilala ndani ya gari. Baadaye mhudumu wa nyumba ya wageni anatoa ushahidi kwamba hakulala humo. Wengi wetu tutamhukumu papo hapo: kama hakuua, alidanganya kwa nini? Huenda alikuwa na mwanamke asiye mkewe. Huenda alikuwa akipakia magendo. Huenda aliogopa tu kwamba mgeni haaminiwi.

Mwaka 1981, katika kesi ya Lucas, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliweka masharti manne kabla uongo wa mshtakiwa haujatumika kuunga mkono ushahidi dhidi yake. Uwe wa makusudi. Uhusu jambo la msingi katika kesi. Utokane na kujua kosa na kuogopa ukweli. Na ushahidi mwingine, ulio huru, uonyeshe kuwa ni uongo kweli. Jaji huwakumbusha juri, raia 12 wanaoamua kesi, kwamba watu hudanganya pia kwa aibu, au hata kutetea madai ya haki.

Kenya, Uganda na Tanzania hazina juri. Uganda ina wazee wa baraza katika Mahakama Kuu, lakini maoni yao hayamfungi jaji. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Kwa hiyo anayepaswa kuonya na anayepaswa kuonywa ni mtu yuleyule. Onyo alilojipa moyoni, mahakama ya rufaa italionaje?

Majaji na mahakimu wetu huandika sababu za hukumu. Basi kila wanapoegemea uongo wa mshtakiwa, waandike ni uongo upi, umethibitishwa na ushahidi gani, na kwa nini wamekataa sababu nyingine za kudanganya. Bila hayo, mzigo wa kuthibitisha kosa unahamishwa kimyakimya kutoka upande wa mashtaka hadi kwa mshtakiwa.

Dereva wetu amethibitika kuwa mwongo. Kwamba aliua, bado halijathibitishwa.