Katwe haikutekwa na Maxim peke yake

Kuingia kwa ukoloni magharibi mwa Uganda husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya silaha tu: Waingereza walikuwa na bunduki ya rashasha, wenyeji hawakuwa nayo, yakaisha. Simulizi hiyo inatunyima ukweli. Bunduki aliyoibuni Hiram Maxim jijini London mwaka 1884 ilikuwa kazi kubwa ya uhandisi. Nguvu iliyousukuma mtutu nyuma kila ilipopigwa ndiyo iliyotoa ganda, ikaingiza risasi nyingine kutoka kwenye mkanda na kuifyatua, hadi risasi 600 hivi kwa dakika. Lakini mtutu huo ulihitaji maji ya kuupoza, mkanda wa kitambaa ulitaka uangalizi, na mzigo wote ulibebwa na wapagazi. Tena, ile aliyokuja nayo Uganda Kapteni Lugard wa Uingereza mwaka 1890 ilikuwa imekwisha kuvuka Afrika na mpelelezi Stanley, na ilikuwa imechakaa.

Mwaka 1891 Lugard alijenga ngome ya Fort George hapo Katwe, penye ziwa la chumvi, kwa sababu ya chumvi hiyo, utajiri uliomnufaisha Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Aliandamana na Kasagama, aliyedai kiti cha Toro, akaungwa mkono na Wasongora, wenyeji wa eneo hilo, waliochoshwa na utawala wa Kabalega. Kisha akawafuata askari wa Kisudani wa afisa Selim Bey karibu na Ziwa Albert, akawaweka katika ngome zake. Nchi ilishikwa kwa chumvi, kwa ugomvi wa majirani na kwa mikono ya askari Waafrika.

Wapo watakaosema hoja hii inapunguza ukatili wa silaha ile. La hasha: hofu yake ilikuwa ya kweli, na Mengo, makao ya mfalme wa Buganda, iliionja Januari 1892. Hata hivyo, Kabalega aliendelea kupigana hadi alipokamatwa mwaka 1899. Mashine peke yake haikutosha kummaliza. Wengine watasema tunawatupia lawama mababu zetu. Dhamana ya uvamizi ni ya kampuni ya Kiingereza iliyomtuma Lugard, lakini asiyejua jinsi alivyogawanywa ni rahisi kugawanywa tena.

Kwa hiyo wilaya ya Kasese iweke pale Katwe maelezo kamili ya Fort George: chumvi, Kasagama, Wasongora na Wasudani, pamoja na Maxim. Na walimu, kuanzia Bwera hadi Kasese mjini, wawapeleke wanafunzi wakajifunze historia hiyo mahali ilipotendeka.