Mtambo Ukizimika, Nani Atashika Usukani?

Usiku wa tarehe 10 Juni, 1995, meli ya abiria iitwayo Royal Majesty, ikitoka Bermuda kwenda Boston, ilikwama juu ya fungu karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani. Ilikuwa na watu 1,509. Waya wa antena ya chombo kilichopokea ishara za setilaiti ulikuwa umechomoka mara baada ya safari kuanza. Chombo kikaanza kukisia, na mtambo uliokuwa ukiiongoza meli ukayapokea makisio hayo kama ukweli. Kwa zaidi ya saa 34 maofisa walipokezana zamu bila ya kulinganisha chombo hicho na kile cha pili kilichokuwemo humo humo melini. Meli ilikuwa imepotea njia kwa maili 17. Kwa bahati, hakuna aliyekufa.

Waya kuchomoka si ajabu. Ajabu ni kupanga kazi kana kwamba hautachomoka kamwe.

Mwezi Juni 1997 ulikuwa bado mbali na hatari iliyofuata. Ila miaka 22 baada ya ajali hiyo, yaani Juni 2017, virusi vya kompyuta viliishambulia kampuni ya meli ya Maersk. Malori yalipanga foleni ndefu kwenye malango ya bandari, na makarani wakarudia kalamu na karatasi. Kampuni ililazimika kutengeneza upya kompyuta kuu 4,000 na nyingine 45,000. Nakala ya kumbukumbu muhimu iliyoiokoa ilipatikana katika ofisi yake ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na kompyuta hiyo haikuwa hewani. Huo haukuwa mpango. Ilikuwa sudi tu.

Hapana budi ieleweke kwamba hoja hapa si kuikataa mitambo. Mitambo huharakisha kazi na kumwepusha binadamu na hatari. Lakini siku ya kuinunua ndiyo siku ya kuamua kazi itaendeleaje itakapozimika. Kumbukumbu zihifadhiwe mahali pasipoungana na mtandao. Wafanyakazi wafanye mazoezi ya kazi ya mkono, mazoezi yenyewe yawe na tarehe. Na fedha zake ziwemo katika bajeti ya kwanza.

Jukumu hilo si la wahandisi peke yao. Chuo cha Jeshi la Majini la Marekani, kilichokuwa kimeacha kuwafundisha wanafunzi kutafuta njia kwa nyota, kilirudisha somo hilo mwaka 2015. Walimu wa vyuo vya mabaharia wana mfano wa kufuata. Maofisa wanaotia saini mikataba ya mitambo bandarini nao wakumbuke kwamba Dar es Salaam ikisimama, wanaokosa dawa na mbolea wako mpaka Rwanda na Burundi.

Tahadhari kabla ya hatari. Mtambo ushike usukani, lakini pembeni yake asikosekane mtu anayejua kuushika.