Ile Dhahabu ya Kabatini, Bei Gani Leo?

Mwezi huu tuache kidogo habari za nani kamnunia nani, tuzungumzie kile kiboksi kilichofichwa chini ya nguo kabatini. Si unakijua? Kina bangili za harusi, kidani cha bibi, pete ya tanzanite, na saa ya baba watoto ambayo haitoki mpaka kuwe na sherehe ya maana.

Swali ni dogo tu: vikiibiwa usiku wa leo, mtalipwa shilingi ngapi?

Wengi mtajibu haraka, "Aah, sisi tuna bima ya nyumba." Safi sana, lakini mmeisoma? Bima nyingi za vitu vya ndani zina kikomo cha malipo kwa kila kitu cha thamani. Kinachozidi hapo lazima kiandikwe peke yake, na bei yake ithibitishwe na mthamini. Kiapo chako mbele ya kampuni ya bima hakina uzito.

Halafu bei yenyewe haitulii. Mwishoni mwa 2005, wakia moja ya dhahabu, yaani kama gramu 31 hivi, ilikuwa inacheza kwenye dola 500 katika soko la dunia. Oktoba 2025 ikavuka dola 4,000! Sasa wewe uliyefunga ndoa miaka ile, na bima yako bado inasoma bei ya risiti ya sonara wa wakati huo, hapo hujakatia bima dhahabu yako, umekatia kipande tu.

Na kipande hicho kina mtego. Mikataba mingi hukata fidia kwa uwiano. Tuseme dhahabu yenu ina thamani ya milioni 10, ninyi mmeandikisha milioni 5. Mwizi akibeba ya milioni 5, msitegemee kulipwa zote. Mliandikisha nusu, mtalipwa nusu: milioni 2.5. Uchungu wake we acha tu.

Sasa mfanyeje? Tafuteni mthamini ambaye hana haja ya kuinunua mali yenu. Anayetaka kununua atataja bei ya chini, ndiyo biashara. Mwambieni wazi kwamba tathmini ni ya bima, kwa hiyo mnataka bei ya kununua kingine kama hicho leo, pamoja na ufundi. Alipwe kwa kazi yake, siyo kwa asilimia ya thamani, asije akaipandisha bei ili naye avune.

Karatasi yake ionyeshe uzito kwa gramu, karati, maelezo ya kito, picha, tarehe na sahihi. Muhuri wa 916 maana yake karati 22, na 750 ni karati 18, ila muhuri unaweza kugongwa na yeyote, kwa hiyo apime. Saa iandikwe namba yake ya usajili, na boksi lake msitupe. Nakala ya karatasi hizo ikae nje ya nyumba, maana mwizi hachagui. Na kila baada ya miaka miwili mitatu, rudieni.

Haya, tuje kwenye lile linalouma. Siku ya tathmini ni siku ya ukweli. Ile pete aliyokuvisha kwa mbwembwe mbele ya ukoo mzima inaweza kuonekana imepakwa tu dhahabu juu. Shosti, kabla hujapandisha sauti, kumbuka kuna wanaume wengi waliouziwa hivyo hivyo dukani nao wakaamini. Muulize kwanza, tena mkiwa wawili, siyo mbele ya mthamini.

Na wewe kaka, ukisikia bangili za mkeo zina thamani ya kiwanja, usianze kupiga hesabu za kiwanja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema zawadi uliyompa mkeo mkiwa kwenye ndoa inachukuliwa kuwa ni mali yake kabisa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Alichorithi kwa bibi yake ndiyo usikiguse kabisa. Kwa hiyo hata kwenye bima, jina lake liandikwe, na fidia ikija mjue mapema inaingia mkononi mwa nani. Ndoa nyingi hazigombani kwa sababu ya wizi, zinagombana kwa sababu ya hela inayokuja baada ya wizi.

Basi Jumamosi hii, zimeni televisheni, mwageni kiboksi kitandani, mpige picha kimoja kimoja na kuandika kilitoka wapi. Mtacheka, mtakumbuka mengi, na Jumatatu mtajua pa kuanzia.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane!