Injini impishe tanga, lakini si kila mahali

MAJI MAKUU
Na Shomari Mwinyikombo

Chombo cha injini kikikutana na chombo cha tanga kwenye maji mapana, cha injini ndicho kinachopaswa kupisha. Hivyo ndivyo inavyosema Kanuni ya 18 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, zilizopitishwa London mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1977. Mantiki yake ni nyepesi. Mwenye injini anaweza kupunguza mwendo, kusimama, kurudi nyuma au kugeuza omo wakati wowote. Mwenye tanga yuko chini ya amri ya upepo. Kama anakokwenda ndiko upepo unakotoka, hawezi kunyoosha moja kwa moja. Sharti abishe, mara kulia mara kushoto, na kila anapogeuka hupoteza mwendo.

Kanuni hiyo ndiyo inayotajwa kila ugomvi unapozuka kati ya wenye boti na wenye matanga. Bahati mbaya, wengi wameishika hiyo peke yake na kuyaacha masharti yanayoizunguka. Kwenye maji yenye msongamano, masharti hayo ndiyo yanayoamua nani ampishe nani, na mara nyingi jibu huwa kinyume na linavyotarajiwa.

Dar es Salaam inatosha kuwa mfano. Katika Ghuba ya Msasani, vidau vya mbio hukata maji pamoja na ngalawa za wavuvi na boti zinazopeleka wageni kisiwani Bongoyo. Maji ni mapana na kila mmoja ana nafasi ya kugeukia, kwa hiyo kanuni ya injini kupisha tanga inafanya kazi kama ilivyoandikwa. Mwendo mfupi kusini mwake, kwenye mlango wa bandari, mambo ni mengine. Meli za makontena zinaingia na kutoka kwenye mfereji mwembamba, boti za Zanzibar zinapita kwa kasi, vivuko vya Magogoni na Kigamboni vinaukata mlango kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na wavuvi wanarudi na samaki wao soko la Feri.

Kabla ya yote, chombo chenyewe kiwe kweli kinakwenda kwa tanga. Mashua iliyotweka tanga huku mashine ikiwa imewashwa na kukisukuma chombo huhesabiwa kuwa ni chombo cha injini. Mchana inatakiwa kutundika mbele alama ya pia yenye ncha iliyoelekea chini ili wengine wajue. Siku hizi madau mengi yana mashine ya kupachika nyuma, na nahodha wake huitumia upepo ukilala. Ikianza tu kukisukuma chombo, upendeleo wa tanga unakoma hata kama tanga limejaa upepo.

Pili, anayempita mwenzake ndiye anayepisha, bila kujali anakwenda kwa nguvu gani. Anayekuja kutoka nyuma, zaidi ya nyuzi 22.5 kupita usawa wa ubavu wa chombo cha mbele, ana wajibu wa kukaa mbali mpaka amekwisha kupita na kuacha nafasi ya kutosha. Ngalawa yenye upepo mzuri wa kusi inaweza kuipita boti ya injini inayojikokota. Hapo ngalawa ndiyo inayopisha. Vilevile mwenye tanga anapaswa kumpisha mvuvi ambaye nyavu zake zimemzuia kugeuka, na chombo kilichoharibika kisichoweza kuongozwa. Mvuvi anayekokota mishipi nyuma ya boti hahesabiwi humo, kwa kuwa mishipi haimzuii kugeuka.

Sharti zito kuliko yote ni la njia nyembamba. Kanuni ya 9 inavitaka vyombo vyote vishike ukingo wa kulia wa mfereji. Halafu inavikataza vyombo vya tanga, pamoja na chombo chochote chenye urefu usiofika mita 20, kuizuia meli ambayo haiwezi kupita salama nje ya mfereji huo. Meli ya makontena ikitoka nje ya maboya inapanda mwamba. Ikisimamisha mashine inaendelea kuteleza kwa mwendo mrefu, na usukani wake unapoteza nguvu kadiri mwendo unavyopungua. Rubani aliye darajani huenda asiione kabisa ngalawa iliyo karibu na omo, maana shehena imemziba.

Hebu vyombo vitatu vikutane kwenye mlango wa bandari kwa wakati mmoja: ngalawa inayoingia kwa tanga, kivuko kinachokata kwenda Kigamboni, na meli kubwa inayotoka. Kwa kanuni za kimataifa peke yake, kivuko kinaipisha ngalawa, kwa kuwa ni cha injini. Ngalawa nayo haina ruhusa ya kuizuia meli, kwa kuwa meli haina pengine pa kupita. Na kivuko, kwa kuwa kinaukata mfereji, nacho hakiruhusiwi kuizuia meli. Nahodha wa ngalawa anayejua kanuni moja tu ataishika njia yake mbele ya meli akiamini ana haki, na haki hiyo hana.

Kosa la namna hiyo limewahi kufanywa hata na mabaharia wa mbio. Tarehe 6 Agosti 2011, wakati wa mashindano ya Cowes Week huko kusini mwa Uingereza, mashua ya mbio Atalanta of Chester ilikatiza mbele ya Hanne Knutsen, meli ya mafuta ya tani 120,000, katika mlango bahari wa Solent. Tanga lake lilinasa kwenye nanga ya meli, mlingoti ukavunjika, na baharia mmoja akajitosa majini. Mwaka 2013 nahodha wa mashua alitiwa hatiani kwa kuizuia njia ya meli na kwa kutoangalia ipasavyo, akatozwa faini. Katika maji hayo kuna sheria ya bandari inayoizungushia kila meli ndefu kupita mita 150 eneo lililokatazwa, mita 1,000 mbele yake na mita 100 kila ubavu, na eneo hilo husogea pamoja na meli. Bandari ya Sydney nchini Australia nayo ina utaratibu wake: feri iliyobeba alama ya almasi ya rangi ya chungwa hupishwa na vyombo vya tanga, ingawa ni ya injini. Kanuni za kimataifa zinaruhusu sheria za namna hiyo, na zikiwepo hutangulia.

Anayepishwa naye ana wajibu. Kanuni ya 17 inamtaka ashike mwelekeo wake na mwendo wake bila kubadili, ili mwenzake ajue pa kupita. Hapa ndipo ugomvi mwingi kati ya vidau na boti unapozaliwa. Mwendesha boti anaiona ngalawa ikienda kulia, anageuza omo apite nyuma yake. Sekunde chache baadaye ngalawa imefika mwisho wa mbisho na inageuka. Foromali inazungushwa mbele ya mlingoti, tanga linapigapiga, mwendo unakufa, na chombo kinabaki kimesimama palepale ambapo boti imelengwa kupita. Mwendesha boti analaani kwamba wenye matanga hawatabiriki, na nahodha analaani kwamba hakupishwa. Nahodha mwangalifu hageuzi boti ikiwa karibu. Hugeuza mapema, au husubiri ipite. Na mwendesha boti anayejua upepo unatoka wapi hukisia mapema mbisho utaishia wapi.

Muda wenyewe ni mfupi kuliko unavyodhaniwa. Boti ya kasi inayokwenda maili 30 za baharini kwa saa hula maili nzima kwa dakika mbili. Ndani ya dakika hizo, kidau kinachokwenda maili nne kwa saa husogea kiasi cha mita 250 tu. Kwa hiyo hatua ya kukwepa inatakiwa ichukuliwe mapema na iwe kubwa ya kuonekana. Kugeuza omo kidogo kidogo humwacha mwenzako akibahatisha.

Hatari ya kugongana hupimwa kwa njia rahisi. Kama chombo kingine kinaonekana kwenye nyuzi zilezile za dira huku kikizidi kukaribia, mtakutana. Mwenye kutilia shaka nia ya mwenzake hupiga honi fupi tano. Honi fupi moja inasema nageuka kulia, mbili nageuka kushoto, tatu mashine yangu inarudi nyuma. Na kama anayepaswa kupisha hapishi, anayepishwa anaruhusiwa kukwepa, na mgongano ukishakuwa hauzuiliki kwa hatua ya mwenzake peke yake, analazimika. Kufa na haki mkononi si jambo linalotetewa na kanuni yoyote.

Kuona nako kuna vizuizi pande zote mbili. Tanga lililoshushwa sana humziba nahodha upande mzima, hivyo lazima ainame na kuchungulia chini yake mara kwa mara. Boti ikianza kukimbia, omo huinuka na kumziba dereva aliyekaa nyuma. Usiku chombo cha tanga kisichofika mita saba kikishindwa kuwa na taa kamili kinaruhusiwa kutumia tochi au kandili ya mwanga mweupe, mradi iwe tayari na ionyeshwe mapema. Tochi ikimulikwa kwenye tanga huonekana mbali zaidi. Mawimbi ya boti nayo huweza kujaza maji kwenye ngalawa au kuivunja matengo hata pasipo kugusana, na ndiyo sababu kupunguza mwendo karibu na chombo kidogo ni sehemu ya kupisha.

Kwa bandari zenye mchanganyiko kama huu wa Dar es Salaam, kanuni za kimataifa ni msingi, lakini hazitoshi. Panatakiwa sheria ya eneo iliyoandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa Feri, Magogoni, Msasani na kila pwani inaposhukia ngalawa: meli ndefu ikaribiwe kwa umbali gani, vyombo vya tanga vikatize mfereji wapi, na boti ziende mwendo gani karibu na njia za wavuvi. Mafunzo ya manahodha na ya madereva wa boti nayo yaanze na njia nyembamba na chombo kinachopita kingine, ndipo yafikie kanuni ya injini kupisha tanga, ambayo kila mtu anadai kuijua.