GPA 2.7 siyo kifungo cha maisha

Makamanda, matokeo ya vyuo yakitoka, huku Bondeni kuna vijana wanaozima simu. Siyo waliofeli, maana aliyefeli anajua cha kufanya: anarudia mtihani. Ninaowasema ni waliofaulu. Ana stashahada halali, GPA 2.7, na kwa mfumo wa NACTVET kuanzia 2.0 umefaulu. Akiomba digrii anaambiwa TCU inataka 3.0. Basi. Cheti kinarudi kabatini, mwenyewe anarudi kwenye bodaboda ya Kasumulu au kwenye kakao ya baba yake Ipinda.

Hebu tulinganishe. Wa kidato cha sita mwenye D mbili ana pointi 4.0, anaruhusiwa kuomba. Huyu wetu kasoma stashahada yake, kaenda mafunzo kwa vitendo, kakosa nukta tatu tu, anafungiwa. Na mtu anaita hiyo "kulinda ubora".

Tena msidhani hiyo 3.0 ilishushwa na Musa kutoka mlimani. Mwaka 2016 kizingiti kilipandishwa hadi 3.5, mwaka uliofuata kikashushwa 3.0. Mwenye 3.2 alikuwa hana sifa, akalala, akaamka anazo, kwa cheti kilekile! Kilichobadilika ni mwongozo, siyo akili yake.

Njia ipo, ila haisemwi kwa sauti. Chuo Kikuu Huria kina programu ya faundesheni. Mwenye stashahada ya GPA 2.0 na kuendelea anaingia, na hata wa kidato cha sita mwenye pointi 1.5 kwa masomo mawili. Ukitoka na GPA 3.0 kwenye masomo sita ya msingi, na angalau C tatu kwenye kundi la fani yako, unaomba digrii kama wengine. Kwa hiyo anayetuambia tunataka kushusha viwango hajasoma mwongozo. Hapo kijana anapimwa upya, na kwa 3.0 ileile.

Shida ni nani analipa. Serikali ya CCM inajisifu kwa elimu bila ada hadi kidato cha sita. Mikopo ya stashahada imeanza 2023/24, tena kwa fani zilizochaguliwa. Mkopo wa digrii nao unamngoja aliyekwisha kudahiliwa. Huyu wa katikati, anayetafuta daraja la kuvukia, ni mzazi wake wa Ngonga anayeuza mpunga. Kituo cha Chuo Kikuu Huria kiko Mbeya mjini, na masomo mengi ni ya kujisomea, kwa bando lako mwenyewe.

Sisi wa sheria tunafundishwa Ibara ya 11 ya Katiba: raia yuko huru kutafuta elimu hadi upeo wowote kulingana na stahili na uwezo wake. Inapendeza kuisoma. Halafu unarudi Ibara ya 7, unakuta mahakama haziruhusiwi kuamua kama serikali imeitekeleza sehemu hiyo au la. Kwa hiyo hapa kesi haitatusaidia, ni siasa. Ndiyo maana naandika humu.

Msimamo wangu: faundesheni ifundishwe pia na vyuo vikuu vya umma vilivyo karibu, MUST ikiwemo, na mwanafunzi wake akopeshwe kama wa digrii. Mgombea akija Kyela kuomba kura, aulizwe hilo kabla hajaanza kusifia mchele wetu.

Wakati tunapigania hayo, dada na kaka yangu, usimpe hela kishoka anayesema "nina mtu TCU". Maombi unatuma mwenyewe moja kwa moja chuoni. Chukua namba yako ya AVN kutoka NACTVET mapema, na usome mwongozo wa udahili wa mwaka husika, siyo wa mwaka jana uliotumiwa kwenye grupu. Vyuo vingine vinaweka sifa za juu kuliko za TCU, kwa hiyo kagua kozi kwa kozi.